Hakucheza NFL Hata Dakika Moja, Lakini Nebraska Bado Ni King: Mbona Mafan wa Futiboli ya Chuo Hawasahau Machali wao wa Kitambo

Ukifika Lincoln, Nebraska, Jumamosi ya mechi, usijaribu kumuuliza mzee mwenye kofia nyekundu ni nani alikuwa mkali zaidi kuwahi kuvaa jezi ya Huskers. Utakaa hapo hadi jua lizame.

Mzae atakwambia Johnny Rodgers, bila kufikiria mara mbili. Kijana wake, ambaye sasa naye ana kitambi na mkopo wa nyumba, atasema ni Tommie Frazier na hataki kubishiwa. Mjukuu atadai ni Ndamukong Suh, lile jitu la beki la 2009 lililokuwa likibeba watu kama gunia za viazi. Hao watatu wataanza kelele, na ndani ya hiyo kelele utaona kitu. Hakuna hata mmoja anabonga kuhusu pesa, mataji ya NFL, ama venye huyo chali aliishi baadaye. Wanabonga tu kuhusu ile miaka mitatu, minne, alikuwa wao.

Na hapo ndipo futiboli ya chuo inatofautiana na ligi tunazozoea. Fan wa Arsenal anaweza kushinda miaka kumi akimcheki mchezaji mmoja. Huku kwa chuo, ukianza tu kumpenda msee, anagraduate.

Turudi nyuma kidogo, kwa wale hawako rada. Hii si futiboli ya EPL. Ni ile ya mpira wa umbo la yai, helmeti na mabega ya plastiki. Timu inapewa nafasi nne kusongesha mpira yadi 10. Ikifaulu, inapewa zingine nne. Ikishindwa, wengine wanachukua. Msee anayeendesha hiyo kazi yote anaitwa kwotabeki. Ndiye anapokea mpira, anaamua aurushe, ampe mwenzake, ama akimbie nao mwenyewe. Ukiufikisha mwisho wa uwanja, hiyo ni tachidauni, alama sita.

Sasa Nebraska ni jimbo la mashamba, watu kama milioni mbili hivi. Hawana timu ya NFL. Hawana NBA. Hawana chochote kikubwa cha kulipia tiketi isipokuwa timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska, wanaoitwa Cornhuskers, yaani watu wa kuambua maganda ya mahindi. (Kitale wangeelewa hilo jina mara moja.) Uwanja wao, Memorial Stadium, ulifunguliwa 1923 na unabeba watu zaidi ya 80,000. Tiketi zimekuwa zikiisha kila mechi ya nyumbani tangu Novemba 1962. Soma hiyo tena. Kenya haikuwa hata imepata uhuru. Siku ya mechi, huo uwanja pekee unakuwa kama mji wa tatu kwa ukubwa jimboni, baada ya Omaha na Lincoln yenyewe.

So ukizaliwa huko, timu hurithiwa kama shamba. Na wachezaji wa zamani ndio mababu wa ukoo.

Ile mbio ya yadi 75

Tumchukue Frazier, juu yeye ndiye anaeleza hii story yote.

Alitoka Florida, akafika Lincoln 1992, na kabla mwaka wake wa kwanza uishe alikuwa ameshakabidhiwa usukani. Kocha alikuwa Tom Osborne, mzee mpole asiyetukana, ambaye timu zake zilicheza mtindo unaoitwa opsheni. Kwa opsheni, kwotabeki hasimami nyuma akirusha mipira mirefu kama kwa sinema. Anakimbia kando na mpira mkononi, beki mbele yake, mwenzake pembeni. Beki akimfuata yeye, anamtupia mwenzake. Beki akimfuata mwenzake, anapita nao mwenyewe. Inataka akili ya haraka, miguu, na roho ya kupigwa kila dakika. Frazier alikuwa na zote tatu.

Januari 2, 1996, Tempe, Arizona. Fainali ya kuamua bingwa wa taifa, Nebraska dhidi ya Florida. Timu zote mbili hazikuwa zimepoteza mechi, na wengi walikuwa wanasema hii mipira ya kurusha ya Florida ingewamaliza hawa watu wa mashambani. Haikuenda hivyo. Kufikia mwisho wa robo ya tatu, Nebraska walikuwa mbele sana, na hapo ndipo Frazier alichukua mpira akaenda kulia.

Beki wa kwanza akamshika. Wa pili akamrukia. Wakaja wengine, hadi ukimcheki kwa video unaona kama ameingia ndani ya matatu ya saa kumi na mbili jioni. Mtu wa kawaida anaanguka hapo, na refa anapuliza filimbi. Frazier hakuanguka. Alitokea upande wa pili wa huo msongamano kama msee ameshuka steji yake, akachomoka pembeni ya uwanja, hadi mwisho. Yadi 75, ambazo ni karibu mita 69, na mikono ya watu kama saba ilikuwa imemgusa njiani. Mechi iliisha 62 kwa 24. Yeye peke yake alikimbia yadi 199.

Hiyo ndiyo klipu kila mtoto wa Nebraska anaonyeshwa. Hiyo ndiyo inafanya baba mzima asimame sebuleni kuonyesha venye bega lilishuka na goti likapanda.

Kama kwotabeki wa kuanza, Frazier alishinda mechi 33 na kupoteza 3. Alitwaa ubingwa mara mbili mfululizo. Kura za Heisman, ile tuzo ya mchezaji bora wa chuo Marekani nzima, alikuwa wa pili nyuma ya Eddie George wa Ohio State, na usithubutu kutaja hilo jina Lincoln kama unataka kupewa chakula.

Halafu ikafika Aprili 1996, siku NFL huchagua vijana wa kuajiri. Timu zote zikapita jina lake. Hakuna hata moja iliyomchukua.

Sababu ilikuwa damu. Mwaka wa 1994 madaktari walipata damu imeganda kwenye mguu wake wa kulia, akalazimika kukaa nje sehemu kubwa ya msimu. NFL waliogopa hiyo historia. Tena hawakuwa wanapenda makwotabeki wa opsheni, juu walitaka watu wa kusimama na kurusha. Alienda Canada kidogo na hadithi ikaishia hapo.

Kwa mtu wa nje, hiyo ni career imefeli. Kwa mtu wa Nebraska, hilo swali halina maana hata kidogo. Alifanya kazi yote aliyoletwa kufanya. Mwingine kama yeye ni Eric Crouch, aliyeshinda Heisman yenyewe 2001 na bado hakucheza mechi yoyote ya msimu wa NFL, juu walitaka kumgeuza mpokeaji wa mipira na yeye alitaka kubaki kwotabeki. Lincoln bado anasalimiwa kama governor.

Kuhusu governor, Osborne mwenyewe alistaafu ukocha, akachaguliwa kuingia bunge la Marekani, kisha 2006 akatafuta tiketi ya chama ya ugavana na akakosa. Hata mapenzi ya mafan yana mpaka, na mpaka huo unaitwa debe.

Machali wa pembeni

Kitu kingine utashika ukisikiliza hawa watu: si mastaa pekee wanaokumbukwa. Wakati Frazier alikuwa mgonjwa 1994, aliyeshika usukani ni Brook Berringer, chali mrefu aliyelelewa Goodland, Kansas. Alikuwa amekaa benchi miaka, akingoja. Alipopata nafasi akaumia pafu, likasinyaa, na bado akarudi kucheza. Timu haikupoteza mechi msimu huo.

Ilipofika fainali, Osborne alianza na Frazier aliyekuwa amepona. Berringer aliingia baadaye, akarusha tachidauni, kisha Frazier akarudi kumalizia kazi. Miami walilala 24 kwa 17. Msimu uliofuata Berringer alirudi benchi. Hakulia kwa waandishi, hakuhama chuo. Wengi wetu tungekuwa tumeandika status ya mafumbo usiku huo huo.

Aprili 18, 1996, siku mbili tu kabla ya ule uchaguzi wa NFL, na yeye akitarajiwa kuchaguliwa, alirusha ndege ndogo kaskazini mwa Lincoln na ikaanguka. Akafa, pamoja na kaka ya mpenzi wake. Wikendi hiyo hiyo timu ilikuwa na mechi yake ya kirafiki ya kila mwaka, na uwanja ukageuka matanga.

Leo ukifika nje ya Memorial Stadium kuna sanamu ya shaba. Osborne amesimama na mchezaji mmoja. Huyo mchezaji si Frazier wala Rodgers. Ni Berringer, yule wa benchi.

Wazee nao wana zao. Johnny Rodgers alitoka Omaha, na Novemba 25, 1971, alipokea mpira uliopigwa na Oklahoma, akazunguka watu, akaenda nao yadi 72 hadi mwisho. Nebraska wakashinda 35 kwa 31, na hadi wa leo kuna Wamarekani wanaita hiyo mechi ya karne. Mwaka uliofuata akawa mchezaji wa kwanza wa Nebraska kubeba Heisman.

Na kuna kumbukumbu inayouma. Januari 1984, fainali dhidi ya Miami, kwotabeki alikuwa Turner Gill. Nebraska walifunga mwishoni wakawa 31 kwa 30, nyuma alama moja. Siku hizo hakukuwa na muda wa ziada. Wangepiga teke la alama moja, wangetoka sare, na kwa vile hawakuwa wamepoteza, ubingwa ungekuwa karibu mkononi. Osborne akakataa sare. Akaenda na alama mbili, za kushinda. Gill akarusha, mkono wa beki ukaugusa mpira, ukaanguka. Kwisha. Mimi naona ulikuwa uamuzi sahihi, na nina uhakika kuna mtu Omaha bado hajalala vizuri tangu siku hiyo. Lakini hakuna anayemlaumu Gill. Anakumbukwa kwa upendo kuliko wengine waliobeba makombe.

Jina linalofanya watu wanyamaze

Hapa sasa story inakuwa ngumu, na mafan wengi huruka hii sehemu.

Ile mechi ya 62 kwa 24, Frazier hakuwa peke yake. Lawrence Phillips alifunga tachidauni tatu na kukimbia yadi 165. Kwa kipaji tu, kuna wanaosema hawajawahi kuona mkimbiaji kama yeye hapo Lincoln. Lakini Septemba ya msimu huo huo, Phillips alimshambulia mpenzi wake wa zamani, ambaye alikuwa mwanafunzi na mwanamichezo wa chuo hicho hicho. Osborne alimsimamisha, kisha akamrudisha kabla msimu uishe. Alisema futiboli ndiyo kitu pekee kilichobaki cha kumshikilia huyo kijana, aliyekuwa amekulia kwa nyumba za watoto wasio na walezi. Wakosoaji walisema kocha alitaka kombe.

Rams walimchagua wa sita kwa jumla 1996. Haikudumu. Aliingia na kutoka kwa kesi, mwisho akafungwa zaidi ya miaka 30, na Januari 2016 akafa ndani ya gereza California.

Sasa wewe ukiwa fan, hiyo kumbukumbu unaiweka wapi? Ukimsifu, unamsahau yule dem aliyepigwa, ambaye naye alikuwa anavaa rangi za chuo hicho. Ukimfuta, unadanganya kuhusu timu unayoipenda kuliko zote. Nimesoma na kusikiliza mengi ya hawa mafan, na wale ninaowaheshimu ni wale wanaomtaja kwa jina, na kumtaja na alichofanya, bila kuchanganya na kicheko cha "enzi zetu". Wengine wanaruka tu kutoka Frazier hadi Crouch kana kwamba nambari moja haikuwa uwanjani.

Doh ilikuwa inaenda wapi?

Kuna swali lingine halikuulizwa sana kitambo. Uwanja umejaa, TV inalipa, kocha analipwa, jezi nambari 15 inauzwa dukani. Frazier mwenyewe anapata nini? Ada ya chuo, kitanda, chakula. Basi. Sheria za NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, zilikataza mchezaji kuuza hata sahihi yake. Jezi ziliuzwa bila jina mgongoni, nambari tu, kana kwamba hakuna anayejua 15 ni nani. Mwishoni mwa 2010, wachezaji watano wa Ohio State walifungiwa mechi kwa sababu ya kuuza vitu vyao wenyewe, na wengine kubadilishana vyao na tatoo. Tatoo, buda.

So hiyo sweetness ya "walicheza kwa mapenzi ya jezi" ina upande wake wa giza. Walicheza bure juu hawakuwa na choice. Mguu wa Frazier ulilipiwa na Frazier.

Mambo yalibadilika Julai 2021. Wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yao, matangazo na kadhalika. Mwaka huo huo wakaruhusiwa kuhama chuo mara moja bila kukaa nje msimu, na kufikia 2024 wanaweza kuhama hata kila mwaka. Juni 2025 jaji akapitisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Hiyo ni kama bilioni 2.6 za Kenya, kwa wanamichezo wa chuo kimoja tu.

Na hii inatugusa kuliko unavyodhani. Mfumo huo huo wa NCAA ndio uliobeba Wakenya wengi majuu. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia mwaka wa 1978, ndani ya siku 81. Edward Cheserek alibeba mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon, kabla ya hizi doh kufunguliwa. Hata sasa, mwanariadha anayeenda na visa ya mwanafunzi amebanwa kuhusu kazi anayoweza kufanya akiwa Marekani, kwa hivyo mwenzake Mmarekani anaweza kupiga tangazo la viatu na yeye anabaki kutazama. Ukiona mtu wa Iten anakimbilia kutafuta skolashipu, hiyo ni sehemu ya hesabu.

Kwa mafan wa Nebraska, hofu ni tofauti. Wanasema, huyu kwotabeki wa leo akiwa Lincoln mwaka mmoja na kesho yuko kwingine kwa cheki kubwa, mjukuu wangu atamkumbuka nani? Berringer wa leo angekaa benchi? Mimi sidhani. Angehama Desemba, na angekuwa na haki kabisa. Lakini pia kusingekuwa na sanamu. Hivyo vitu viwili havikai kwa nyumba moja, na fan mwaminifu anajua kwamba kile anachokililia kilikuwa kimelipiwa na mtu mwingine.

Tena tuwe wakweli, sehemu ya hii nostalgia ni njaa. Mara ya mwisho Nebraska kubeba ubingwa wa taifa ilikuwa msimu wa 1997, ule Osborne alistaafu nao. Ukikosa kombe miaka yote hiyo, utakula kumbukumbu asubuhi, mchana na jioni. Mashabiki wa Gor na Ingwe hawahitaji kuelezwa hiyo.

Lakini si yote ni njaa ya makombe, juu kuna siku moja hawa watu huitaja sana ambayo haina uhusiano na kombe lolote.

Sam Foltz alikuwa mpigaji teke, kazi ambayo hakuna mtoto hutundika picha yake ukutani. Alikuwa kijana wa Greeley, kamji kadogo ndani ya Nebraska, na 2015 alitajwa mpigaji bora wa ligi yao ya Big Ten. Julai 2016 alikufa kwa ajali ya gari Wisconsin, akitoka kufunza vijana kupiga mpira.

Septemba 3 msimu ukaanza, nyumbani, dhidi ya Fresno State. Nafasi ya kwanza ya kupiga teke ilipofika, Nebraska walitoka wachezaji 10 badala ya 11. Pale nyuma, mahali Foltz angesimama, hakukuwa na mtu. Uwanja mzima ukasimama. Saa ikaachwa ikaisha makusudi, refa akatupa kitambaa cha adhabu kwa kuchelewesha mchezo.

Fresno State walikuwa na haki ya kuchukua hizo yadi tano. Wakazikataa. Kisha kijana wa mwaka wa kwanza akakimbia kutoka pembeni, akasimama pale palipokuwa wazi, na mpira ukapigwa.